TAHADHARI: Kuna jamaa anauza prosesa za "K" feki Kariakoo, nimepigwa laki mbili na nusu

Wakuu habari za saa hizi. Hili nimekaa nalo wiki mbili naona aibu, maana mimi ndo yule ambaye ukoo mzima ukitaka kompyuta unanipigia simu kwanza, sasa kupigwa kwenye fani yako mwenyewe inauma aisee. Ila leo nimeona jamaa karudi na ukurasa mpya kwa hiyo aibu naiweka pembeni.

Iko hivi. Mtoto wa dada yangu kamaliza fomu six, kaangalia mavideo huko kapandwa na mzuka wa kuovakloku, "anko nataka prosesa ya bei ya chini niipandishe spidi mwenyewe". Ana ile Dell OptiPlex ya maofisini, soketi 1150 (aina ya tundu la prosesa), na bayosi, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, ya zile mashine haina hata pa kugusa, kwa hiyo nikamwambia tutafute bodi (mazabodi) nyingine pamoja na Core i5-4690K. Hiyo ni ya 2014, inatoka kiwandani na 3.5 GHz, inajisukuma yenyewe mpaka 3.9, na ile K ya mwisho maana yake maltiplaya, ile namba inayozidisha spidi ya msingi, iko wazi, unaipandisha mwenyewe. Isiyo na K imefungwa, utahangaika na beis kloku, yani hiyo spidi ya msingi ya megahezi 100, uambulie megahezi chache, ukilazimisha mashine inagoma kuwaka. Yani herufi moja ndo imebeba bei yote.

Nikampata muuzaji mtandaoni, anasema duka liko Kariakoo ghorofani, mzigo wa Dubai, imepimwa, bodi ya Z97 (aina inayoruhusu kuovakloku) na prosesa laki mbili na nusu. Nikaomba video, akanitumia, kafungua pale kwenye Properties za Windows inasoma i5-4690K 3.50GHz safi kabisa. Na akaniongezea diski ya SSD ya GB 120 bure, Windows iko tayari humo, "wewe ni mteja mpya kaka". Nikamwona mstaarabu kweli. Kumbe ile SSD ndo chambo chenyewe.

Nikatuma hela yote, boda akaleta. Bodi ikaja ya H81 badala ya Z97, kumuuliza akasema Z97 zimeisha, hiyo nayo inaovakloku ina bayosi yake maalum. Sasa ujanja wa tapeli ni kuchanganya na ukweli kidogo, maana ni kweli baadhi ya bodi za H81 ziliwahi kuruhusu hivyo ingawa Intel walikusudia Z87 na Z97 tu, nikameza. Tukafunga, Windows inasoma 4690K, dogo anarukaruka. Maltiplaya kupandisha haipandi, nikajua ni bodi tu.

Siku ya tatu dogo akataka mafaili yake akachomeka diski yake ya zamani akawashia hiyo, akaniita, "anko mbona inasema i5-4570?" Nikazima nikaingia bayosi, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama si uvivu, nayo inasema 4570, 3.2 GHz. Ya 2013, imefungwa, zile zinazotoka kwenye mashine za ofisi zilizochoka, zimejaa kila kona.

Mchezo wenyewe nimeuelewa baadaye. Jina la prosesa pale kwenye Properties Windows inalisoma kwenye rejista, yani daftari lake la ndani la mipangilio, na ukijua pa kuandika unaandika unachotaka. Kila mashine ikiwaka jina la kweli linarudi, ndo maana kaweka kijiprogramu kwenye ile SSD kinachoandika uongo upya kila ukiwasha. Halafu zote mbili zina kore nne na kashe ya MB 6, ukiangalia juu juu hazina tofauti. Hata kile kifuniko cha bati kimekwanguliwa kikaandikwa upya, nilipofuta thamopesti (ile dawa ya kupitisha joto) nikaona kinang'aa kuliko kingo zake.

Kwa hiyo usikubali video ya Properties hata siku moja. Mwambie azime, awashe, aingie bayosi huku anarekodi bila kukata, au afungue CPU-Z, programu ya kukagua prosesa, ile inaiuliza prosesa yenyewe. Pale kwenye maltiplaya kuna mabano yanayoonyesha inaanzia ngapi na kuishia ngapi, 4570 inaishia 36, 4690K ya kweli ambayo haijaguswa inaishia 39. Na ukiletewa, pima na diski YAKO, na hela itoke baada ya hapo.

Jamaa nilipompigia akaniambia ningepima mbele ya boda, akanibloku. RB ninayo.

Kwa anayeanza na hela ni ndogo, kwa sasa ningemwelekeza prosesa za AMD za Ryzen, zile za soketi AM4, kama Ryzen 3 1200 au Ryzen 5 1600 za mtumba, maltiplaya ziko wazi bila habari za K. Huko wanakupigia kwenye bodi, utapewa A320 ambayo haiovakloku, wewe dai B350 au B450. Na ziangalie pini kwa chini maana za AMD hizo zinapinda. Kuna Pentium G3258 pia, kore mbili tu, iko wazi ingawa haina K, kwa kujifunzia ni tamu na hata ikiungua hulii sana ila gemu za sasa itakutesa. Na joto letu la Dar mnalijua, tenga hela ya feni ya maana.

Huo ukurasa mpya una jina lingine na namba nyingine, ila picha ni ile ile, prosesa imewekwa juu ya kitambaa cha meza cha maua mekundu kilichoungua kona kama na pasi. Safari hii anauza i7-4790K. Na SSD anatoa bure.