Printa Kubwa za Mabango na Stika: Ipi Ununue kwa Kuangalia Matunzo na Matengenezo

Wanunuzi wengi wa printa za mabango huanza kwa kuuliza mashine inachapisha mita ngapi za mraba kwa saa. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kasi inayotangazwa mara nyingi ni ile ya ubora wa chini, na haimsaidii mtu yeyote siku ambayo kichwa cha kuchapisha kimeziba na mteja anasubiri kazi yake. Hapa printa zimepangwa kwa kigezo kingine: mashine inavumilia kukaa bila kazi kwa kiasi gani, inadai matunzo gani kila siku, na ikiharibika, mwenye karakana ataweza kuirudisha kazini mwenyewe au atalazimika kumngoja fundi.

Nafasi ya kwanza naipa printa ya wino wa eko-solventi, yaani wino wa kiyeyushi chepesi, yenye upana wa mita 1.6 au 1.8, inayotumia kichwa cha Epson i3200. Wino wake hushika vizuri kwenye vinili (plastiki ya stika) na flexi (turubai ya mabango), harufu yake ni ya wastani, na sehemu zinazochakaa, yaani dampa (kifuko kidogo kinachopitisha wino kwenda kwenye kichwa), kepu (kifuniko chenye mpira kinachoziba kichwa kikiwa kimepumzika), waipa (kipangusio cha kichwa) na pampu, hubadilishwa kwa bisibisi na uvumilivu kidogo. Kichwa cha i3200 kina nozeli, yaani vitundu vya kutolea wino, 3,200, ilhali kichwa cha XP600, ambacho huwekwa kwenye mashine za bei nafuu, kina nozeli 1,080 na huchoka mapema zaidi. Karakana inayoanza na kazi chache inaweza kuridhika na XP600, kwa sharti kwamba gharama ya kukibadilisha imewekwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Kabla ya kulipa, soma herufi inayofuata jina la i3200, kwa kuwa A ni ya wino wa maji, E ni ya eko-solventi na U ni ya wino wa UV, unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kichwa cha A kikitiwa eko-solventi, gundi na viungo vyake vya ndani viko hatarini.

Udhaifu wa aina hii ni kwamba haipendi kuachwa. Kila asubuhi ni lazima kuchapisha jaribio la nozeli, yaani mistari inayoonyesha nozeli zipi zinatoa wino, kisha kupangusa waipa na ukingo wa kepu kwa kiowevu cha kusafishia kilichokusudiwa kwa wino huo. Maji hayafai kabisa, kwa sababu hugandisha wino wa eko-solventi. Chumba kikiwa na unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60, shida za kuziba na za umeme tuli hupungua sana. Kazi inayokusudiwa kulaminetiwa, yaani kufunikwa kwa utando wa plastiki, ipumzike angalau saa 24, ili solventi iliyobaki itoke kwanza na isije ikalegeza gundi ya stika.

Jaribio la nozeli linastahili maelezo zaidi, maana ndilo linalomwokoa mnunuzi na gharama zisizo za lazima. Mistari ikikosekana mahali palepale hata baada ya kusafisha, nozeli hizo zimeziba kwa wino mkavu au zimekufa kiumeme. Ikiwa baada ya kusafisha mistari hiyo inarudi lakini mingine inapotea mahali tofauti, kuna hewa kwenye njia ya wino, na cha kwanza kushukiwa ni dampa au kiungo cha mrija kilicholegea. Jaribio likitoka kamili, kisha rangi ikafifia katikati ya bango lililojaa rangi nzito, kichwa kinakosa wino wa kutosha: kagua dampa na chujio. Na ikiwa usafishaji hauleti mabadiliko yoyote, usikimbilie kukilaumu kichwa, kwa maana mara nyingi mpira wa kepu ndio uliochakaa na pampu inavuta hewa badala ya wino. Jaza kepu kwa kiowevu cha kusafishia, kisha iamuru pampu ifanye kazi. Kiowevu kikibaki palepale, tatizo ni pampu au mrija wake. Vichwa vizima vimetupwa kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho hakikukaguliwa.

Nafasi ya pili ni lateksi, teknolojia ambayo HP iliiingiza sokoni mwaka 2008. Wino wake ni wa maji wenye chembe za polima zinazoyeyushwa kwa joto, hivyo kazi hutoka kavu na hulaminetiwa papo hapo. Kwa karakana isiyo na fundi hii ni faraja kubwa, kwa sababu vichwa vya HP hubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kwa dakika chache. Kilichoishusha hadi nafasi ya pili ni umeme: joto hilo linahitaji nguvu nyingi, baadhi ya mashine hudai laini mbili za umeme, na stika nyembamba inaweza kujikunja chini ya kikaushio.

Printa ya UV naiweka ya tatu, ingawa kwa mtu anayechapisha moja kwa moja kwenye mbao, akriliki au vibao vigumu ingekuwa ya kwanza bila ubishi. Taa zake hukausha wino mara tu unapogusa nyenzo, na hatari yake inatokana na taa hizohizo: mwanga unaorudishwa na nyenzo inayong'aa ukifika kwenye kichwa, hugandisha wino ndani ya nozeli, na wino huo hauyeyuki tena. Wino mweupe nao una titani dioksidi nzito inayotuama, kwa hiyo mashine isiyo na mfumo wa kuuzungusha itakusumbua kila wiki.

Printa za wino wa maji zinafaa kwa mabango ya ndani na picha tu. Nje, bila laminesheni, mvua huharibu kazi zilizochapishwa. Ya mwisho ni solventi kali. Vichwa vyake ni imara na uchapishaji wa flexi kubwa ni wa gharama ndogo, lakini mvuke wake unadhuru, na sitaipendekeza kwa karakana isiyo na mfumo madhubuti wa kutoa hewa.

Anayenunua mashine iliyotumika asikubali jaribio la nozeli lililochapishwa kabla hajafika. Litolewe mbele yake, kisha kipande kizima cha rangi nzito kichapishwe, halafu jaribio lirudiwe na karatasi mbili zilinganishwe. Afungue kifuniko na kuangalia nyaya bapa zinazoingia kwenye kichwa, kwani tone la wino kwenye kiungo chake linaweza kuunguza kichwa pamoja na bodi kuu. Apangushe mkanda wa enkoda, unaoiambia mashine kichwa kiko wapi, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mkanda huo ukiwa na mikwaruzo, gari la kichwa litakuwa likipoteza mahali pake na kugonga pembeni. Mwisho aulize waya wa erthi umeunganishwa wapi, na kama muuzaji hajui, apime mwenyewe kabla ya fedha kubadilisha mikono.