Programu za Kupima Umbali wa Duara Kuu: Ipi Uichukue, Ipi Uiache

Programu ya kwanza niliyowahi kuilipia kwa kazi ya kupima umbali wa duara kuu, yaani njia fupi kati ya sehemu mbili juu ya uso wa dunia, ilikuwa na sura ya kuvutia. Tufe la dunia lilizunguka kwa kidole, rangi zilitulia machoni, na umbali uliandikwa hadi milimita. Nikaiamini kwa sababu ya zile milimita. Siku moja, katika kuchezacheza tu, nikaiuliza umbali wa kutoka latitudo 0, longitudo 0, hadi latitudo 1 kaskazini kwenye longitudo ileile. Ikajibu kilomita 111.195. Jibu sahihi ni 110.574. Ilikuwa imezidisha mita 621 katika mwendo wa kilomita mia na kumi, na bado inanihesabia milimita!

Tangu siku hiyo silipii programu ya umbali kabla ya kuihoji. Mwongozo huu ni kwa mtu anayefanya mambo haya kwa kupenda: mwenye redio ya ridhaa, baharia wa mwisho wa wiki, rubani wa glaida, au mfuatiliaji wa ndege, wa manyoya na za chuma. Mpimaji ardhi wa kulipwa ana vyombo vyake na sheria zake, nami simgusi.

Swali la kumuuliza muuzaji

Uliza: inatumia dunia ipi?

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha. Katika kipimo cha WGS 84, ambacho ndicho kinachotumiwa na GPS, nusukipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378.137 na cha kwenye ncha ni kilomita 6,356.752. Tofauti ni kilomita 21 na ushei. Programu nyingi za kupendeza macho huachana na habari hiyo, zikachukua tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, basi.

Kosa linalotokana na hapo halitulii mahali pamoja, na ndiyo maana huwezi kulirekebisha kwa kuzidisha jibu kwa namba moja. Ukienda kaskazini kutoka ikweta, tufe linakuzidishia kwa asilimia 0.56. Ukienda mashariki juu ya ikweta yenyewe, linakupunguzia asilimia 0.11. Karibu na ncha linakupunguzia asilimia 0.45. Mwendo mrefu unaopita sehemu mbalimbali huwa na bahati, kwa kuwa makosa hufidiana. Mwendo wa kilomita elfu moja unaoelekea kaskazini au kusini karibu na ikweta hauna bahati hiyo: hapo utakosea kwa zaidi ya kilomita tano.

(Wakali wa istilahi watasema duara kuu lipo kwenye tufe tu, na kwamba kwenye dunia iliyobonyea njia fupi huitwa jiodesiki. Ni kweli. Lakini hakuna anayeingia dukani kutafuta jiodesiki.)

Mtihani wa dakika tano

Kabla ya kulipa, tumia toleo la majaribio na uingize haya. Namba zote ni za WGS 84, latitudo kwanza kisha longitudo.

- (0, 0) hadi (1, 0): 110.574 km
- (0, 0) hadi (0, 1): 111.319 km
- (89, 0) hadi (90, 0): 111.694 km
- (0, 179.5) hadi (0, -179.5): 111.319 km
- (0, 0) hadi (0, 180): 20,003.931 km
- (0, 0) hadi (0.5, 179.7): 19,944.127 km

Mistari mitatu ya kwanza inatosha kuitambua dunia ya programu. Ukipata 111.195 kote, una tufe la 6,371. Ukipata 111.319 kote, una tufe lililopewa nusukipenyo cha ikweta. Hilo ndilo chaguo la awali la maktaba ya jiometri (fungu la kanuni tayari za kompyuta) ya Google Maps kwa JavaScript, kwa hiyo utalikuta katika kurasa nyingi zilizojengwa juu yake. Huko kosa la kwenda kaskazini kutoka ikweta linafika asilimia 0.67.

Mstari wa nne ni mtego wa mpaka wa tarehe. Programu inayotoa longitudo moja kwenye nyingine bila kufikiri itakuzungusha dunia nzima, karibu kilomita 40,000, kwa safari ya digrii moja. Ikifanya hivyo, ifute.

Wa tano naupenda kuliko yote. Kutoka upande mmoja wa ikweta hadi upande wa pili kabisa, mtu angedhani njia fupi ni kufuata ikweta. Sivyo. Kwa kuwa ncha zimebonyea, njia ya kupitia ncha ni fupi: 20,003.931 dhidi ya 20,037.508. Tufe halijui hilo, litakupa takriban 20,015. Wa sita nitaurudia chini, maana ndio unaozitoa jasho programu zenye sifa nzuri.

Nafasi ya 1: GeographicLib

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. GeographicLib haijitembezi. Ni maktaba ya chanzo huria ya Charles Karney, ambaye mwaka 2013 alichapisha njia ya kukokotoa jiodesiki ambayo haikwami popote duniani. Kosa lake kwenye WGS 84 ni kama nanomita 15, yaani uzi wa nywele ni mnene kuliko kosa hilo mara elfu kadhaa. Huhitaji usahihi huo. Unachohitaji ni uhakika kwamba haitakuangusha, na huo inao.

Chombo chake cha kutumia moja kwa moja kinaitwa GeodSolve. Unakipa alama ya -i na namba nne. Nacho kinakurudishia mwelekeo wa kuondokea, mwelekeo wa kufikia, na umbali kwa mita. Hakuna ramani wala rangi. Kwa wasiopenda mstari wa amri, lipo toleo lake la kwenye kivinjari. Kama tayari una PROJ, programu ya hesabu za ramani, kwenye kompyuta, amri yake ya geod inatumia njia hiyohiyo, kwa hiyo usihangaike kusakinisha kingine.

Na yote haya ni bure. Ni jambo la ajabu kidogo kuandika mwongozo wa kununua ambao nafasi ya kwanza haina bei, lakini ndivyo hali ilivyo katika soko hili: hesabu bora hailipiwi, unalipia sura.

Nafasi ya 2: geopy

Kama unaandika Python hata kwa kubabaisha, chukua hii. Kazi ya geodesic ndani yake inategemea GeographicLib, na kazi ya great_circle inatumia tufe la kilomita 6,371.009. Zote zinafanana kwa namna ya kuziita, na hapo ndipo watu hujikwaa: wanachagua ya pili kwa sababu ya jina lake. Chagua geodesic.

Nafasi ya 3: QGIS

Kwa anayetaka kuona ramani, QGIS ni bure na ina rula ya kupimia. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: inakuruhusu kukosea bila kelele. Kwenye mipangilio ya mradi kuna mahali pa kuchagua elipsoidi, yaani umbo la dunia iliyobonyea. Pakiachwa bila elipsoidi, rula hupima karatasi badala ya dunia. Ukiwa juu ya ramani ya Mercator inayotumiwa na kurasa za mtandaoni, kwenye latitudo 60 kila umbali utatoka mara mbili ya ukweli. Weka WGS 84, rudia mtihani wa juu, kisha endelea na kazi.

Nafasi ya 4: programu yoyote inayotaja Vincenty

Mwaka 1975 Thaddeus Vincenty alitoa kanuni zake za elipsoidi, zenye usahihi wa nusu milimita hivi. Programu za simu zenye kujiheshimu huzitaja kwenye maelezo yake. Kwa safari za kawaida, hutaona tofauti kati yake na nafasi ya kwanza.

Tatizo ni pande za dunia zinazokabiliana. Kanuni hii hukaribia jibu kwa kurudiarudia hesabu, na kwa pointi zilizo karibu kukabiliana marudio hayatulii. Hapo ndipo unapoingia mstari wa sita wa mtihani. Vincenty ya kawaida haifiki mwisho. Programu nzuri itakiri imeshindwa. Mbaya itasimama baada ya marudio fulani na kukupa namba yoyote iliyokuwa mkononi. Ukidhani hali hii haitokei, fikiria Wellington na Salamanca: sehemu mbili hizo ziko karibu pande mbili kabisa za dunia, umbali wa takriban kilomita 19,960.

Nafasi ya 5: lahajedwali lako mwenyewe

Mimi hulitumia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni tufe, kosa lake ni lilelile la nusu asilimia, lakini unajua kilichomo ndani. Weka latitudo na longitudo ya kwanza kwenye A2 na B2, za pili kwenye C2 na D2, kisha:

=2*6371.0088*ASIN(MIN(1,SQRT(SIN(RADIANS(C2-A2)/2)^2+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(C2))*SIN(RADIANS(D2-B2)/2)^2)))

Hii ni kanuni ya umbali juu ya tufe iitwayo haversini. Ile MIN inazuia kosa dogo la kukadiria desimali lisiivushe namba juu ya 1 na kukuletea alama ya kosa. Ukikutana na kanuni nyingine yenye ATAN2, angalia: Excel na LibreOffice Calc hupokea x kwanza kisha y, ilhali Python, C na JavaScript hupokea y kwanza. Ukinakili bila kugeuza utapata majibu ya kuchekesha.

Usitumie kanuni fupi ya kosini kwa umbali mdogo. Kosini ya pembe ndogo iko karibu mno na 1, na kompyuta huishiwa na tarakimu. Kwenye programu inayohesabu kwa tarakimu saba hivi, kama zile za vifaa vya zamani, umbali mdogo kabisa inaoweza kuuona ni kilomita 2.2. Chini ya hapo jirani yako yuko mita sifuri. Kwa usahihi maradufu wa lahajedwali za leo shida hiyo hushuka hadi sentimita tisa na ushei, jambo la kuvumilika.

Nafasi ya mwisho: isiyosema

Programu ya kulipia ambayo haitaji popote elipsoidi, nusukipenyo wala kanuni, na haina toleo la kujaribu. Ni mbuzi kwenye gunia.

Kabla hujailaumu programu

Mara nyingi kosa liko kwenye vidole vyetu. Aliyeandika 6.30 akimaanisha digrii 6 na dakika 30 amepotea kwa digrii 0.2, yaani kilomita 22. Hakuna nanomita itakayomwokoa. Mafaili ya GeoJSON huweka longitudo kwanza, programu nyingi huweka latitudo kwanza, na zikibadilishana unajikuta bara jingine. Desimali ya nne ya digrii ni kama mita 11, hivyo ukiwa na desimali mbili tu usidai mita kwenye jibu.

Wafuatiliaji wa ndege za chuma wakumbuke pia kwamba hesabu hizi ni za usawa wa bahari. Ndege iliyo kilomita 11 juu inasafiri njia ndefu kwa asilimia 0.17 hivi, achilia mbali kona za waongoza ndege.

Kwa watu wa redio hali ni tofauti kabisa. Msimbo wa Maidenhead wa herufi sita, ambao watu wa redio huutumia kutaja mahali walipo, ni kisanduku cha dakika 2.5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo. Karibu na ikweta, kituo kinaweza kuwa kilomita tano kutoka katikati ya kisanduku chake, kwa hiyo kulipia elipsoidi kwa kazi hiyo ni kupoteza. Tena kwenye mashindano ya VHF ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) Kanda ya 1, kanuni zenyewe zinataka hesabu ya tufe kwa kilomita 111.2 kwa kila digrii. Ukipeleka kumbukumbu zilizopimwa kwa GeodSolve, pointi zako hazitalingana na za waamuzi, na watakaosahihishwa si wao.