Faji au antibiotiki kwa bakteria sugu?

Antibiotiki ina faida ya haraka: daktari huianza hata kabla maabara haijamtaja bakteria. Ila huua na wale wema wa tumboni, huku sugu, wale wasiosikia dawa, wakitamba.

Faji ni virusi anayeshambulia bakteria, tena mchaguzi: kila faji huwa na bakteria wake. Hujibandika kwenye ukuta wa bakteria, humdunga chembe zake za urithi, huzaliana ndani hadi mwenyeji apasuke. Kazi ni kumpata faji anayefaa, mara nyingi kwenye maji taka (ndiyo, maji taka!), na mgonjwa mahututi hana muda huo. Bakteria pia huweza kumkwepa faji, japo wakati mwingine hujikuta wamelainika mbele ya antibiotiki. Ndiyo maana napendelea zitumike pamoja, kama alivyotibiwa Tom Patterson, mgonjwa aliyekuwa na bakteria sugu, huko San Diego, Marekani, mwaka 2016, akapona.