Nilikwenda Lamu kutazama milango, nikaambiwa nipitie wa nyuma

Niseme mapema ili asiyependa malalamiko aende zake: bahari ya Lamu haina kosa, samaki hawana kosa, hata punda hawana kosa. Nyota mbili nilizoipa safari hii ni chache kwa sababu ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe wala si wa Lamu. Nitafika hapo.

Mimi ni fundi wa fanicha Nairobi, Ngong Road, pale karibu na Dagoretti Corner tunapopanga vitanda na makochi kando ya barabara, vumbi la magari likishindana na vanishi. Miaka nenda miaka rudi wateja hunionyesha picha kwenye simu: "Fundi, nataka mlango kama huu wa Lamu." Nami huchonga kwa kukisia, kama mtu anayepika biriani aliyoijua kwa harufu tu. Mwaka jana, mwezi wa nane hivi au mwisho wa wa saba, mke wangu akachoka kunisikia. Akasema tuchukue zile pesa za kubadilisha bati la jikoni, twende tukauone huo mlango wenyewe, bati litangoja.

Basi la usiku hadi Mombasa, asubuhi jingine la Lamu. Malindi, Garsen, Witu, na vizuizi ambapo mnashuka kitambulisho mkononi, mnapanda, mnashuka tena. Mokowe barabara inaishia majini. Ukiingia mashua mji unaanza kuonekana ng'ambo, mweupe, umechutama ukingoni mwa maji. Mke wangu alinishika mkono. Nami nikajifanya najua kuogelea.

Siku ya kwanza sikula mchana, na si kwa kukosa pesa. Nilikuwa nazunguka vichochoroni nikipapasa milango ya watu. Mji huu UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mimi sina la kuwapinga. Mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana, mimi nimekuwa nikiupachika kama pambo la mwisho. Kumbe ndio unaobeba mlango mzima machoni. Miimo, ile miti ya pembeni, ina mnyororo uliochongwa kutoka chini hadi juu bila kukatika, na nilipotafuta fundi alipounganisha, sikupaona. Mbao ni mbambakofi, nzito, imekuwa nyeusi kwa chumvi na mikono ya watu. Bibi mmoja akafungua akanikuta nimepiga magoti kizingitini pake. Nikaanza kujieleza. Akasema, "Tizama tu, mwanangu," akarudi ndani akaniachia mlango wazi ili nione na upande wa pili.

Sasa Shela, kijiji cha ufukweni jirani na mji.

Siku ya pili tulikwenda kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, kwani yakijaa njia ya ufukweni inamezwa. Mchanga wa Shela unakwenda kilomita kama kumi na mbili, na vilima vyake ndivyo vinavyohifadhi maji baridi ya mji. Mtu wa Nairobi anayenunua maji kwa mtungi anapaswa kuambiwa hivyo akiwa ameketi. Tukaogelea (mke wangu aliogelea, mimi nilisimama majini). Tulipokuwa tunarudi nikaona duka la sanaa, kuta nyeupe, zidaka ukutani kama za nyumba za kale, na ndani picha za majahazi. Nikasema tuingie.

Nilikuwa nimevaa kaptula yangu ya kazini, nakiri. Ina mifuko mingi, na mfuko mmoja ulikuwa na futi kamba, kwa sababu fundi hatembei bila futi kamba. Dada aliyekuwa mezani akanitazama kuanzia miguuni, akafika kwenye futi kamba, akasema: "Fundi, mafundi wanapitia mlango wa nyuma. Bomba liko jikoni."

Nikacheka kwanza. Nikamwambia sikuja kwa bomba, nimekuja kutazama picha. Akasema, "Hizi ni za wageni." Nikamuuliza, mimi ni mwenyeji wa wapi hapa? Hakujibu. Wakati huohuo wakaingia Wazungu wawili, mchanga hadi magotini, wakauacha wote sakafuni, na yule dada akainuka kama aliyekalia kaa la moto kuwaletea maji ya ukwaju yenye barafu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Alivivua ili asichafue.

Kilichonichoma zaidi ni lafudhi. Dada yule si Mwamu. Kiswahili chake ni changu, cha matatu na foleni, huenda tulipanda basi moja kutoka River Road. Maneno ya aina hiyo nimeshayazoea Nairobi, getini mwa majumba ya watu ambao vitanda vyao nimevitengeneza mimi. Sikujua kwamba yana nauli ya kunitangulia hadi pwani.

Kabla ya kutoka nikafanya jambo la kitoto. Nilisogelea ile picha kubwa kuliko zote, bei yake kwa dola, nikatoa futi kamba, nikapima fremu. Pembe mbili hazikukutana. Pengo limezibwa kwa gundi na unga wa mbao, likapakwa vanishi juu. Kazi hiyo mwanafunzi wangu wa wiki ya tatu ningemrudisha nayo. Nikamwambia dada, "Ukimpata huyo fundi aliyepitia nyuma, mwambie arudi."

Jioni hiyo kila kitu kilikuwa kibaya. Samaki wa kupaka alikuwa na miba, kana kwamba samaki wengine hawana. Punda wa jirani alilia usiku kucha. Mke wangu akanikumbusha kwamba kwenye vilima vilevile, miaka ya 1812 hivi, Waamu waliwavunja watu wa Pate na Mombasa katika vita vya Shela, kwa hiyo si mimi wa kwanza kupigwa pale. Sikucheka. Nilikaa nikaandika nyota moja, nikaandika pia maneno ambayo nimeyafuta.

Nyota ya pili ni ya mzee mmoja. Kesho yake, nyuma ya ile ngome ya Lamu iliyomalizika 1821 na ikaja kuwa jela hadi 1984, nilisikia sauti ya patasi. Sauti ya patasi siikosei. Nikachungulia. Mzee ameketi chini, ubao mbele yake. Hakuniuliza namtafuta nani. "Ndoo," akasema, ndivyo wao wanavyosema njoo, akanisogezea mkeka. Nikamwambia mimi ni fundi wa Nairobi. Akanipa patasi. Nikachonga ua moja, jasho likinitoka kuliko siku niliyoposa. Akaligeuza kwenye mwanga, akalipapasa kwa kidole gumba. "Mkono unao," akasema. "Lakini una haraka ya Nairobi." Tukakaa hadi adhuhuri. Alinieleza kuwa mbambakofi siku hizi ni ya kutafuta, na kuwa mnyororo wa kwenye miimo hauanzi kuchongwa chini, na hapo ndipo nilipokuwa nikikosea miaka yote. Pesa alikataa. Alichukua msasa niliokuwa nao begini, akafurahi nao kama mtoto.

Kwa hiyo niwashauri nini? Msiende Shela. Au nendeni, ila kaptula mziache. Hapana, vaeni kaptula, na futi kamba mbebe. Nimeibadilisha iwe nyota tatu sasa hivi, na mke wangu aliyesimama nyuma yangu anasema nne, kwa sababu yeye aliogelea.

Bati bado linavuja. Ameanza kuweka pesa tena, kwenye bahasha aliyoiandika BATI kwa kalamu nyekundu, lakini ni bahasha ileile tuliyokwenda nayo, na ukiitikisa mchanga unatoka.