Uzoefu wangu: Marangu mpaka Mandara kwa siku moja, na viatu vya kukodi

Mi mtu wa Dar, mlima Kilimanjaro nilikuwa naujua kwa picha ya kwenye chupa ya maji tu. Mwezi wa nane nikapata likizo ya wiki, nikatia nguo mbili tatu kwenye begi la mgongoni nikapanda basi la alfajiri, Chalinze, Korogwe, Same, mpaka naingia Moshi kiuno hakina ushirikiano. Kileleni mita 5,895 sikuwa na hela wala siku za kwenda, nilichotaka ni ile safari ya siku moja, unaanzia geti la Marangu unapanda mpaka vibanda vya Mandara mita 2,720, unakula, unashuka, usiku unalala mjini.

Nilifikia hosteli moja ya bei rahisi, vitanda vya dabodeka tupu kama niko bweni la kidato cha pili, na ukweli pale ndo safari ilipookolewa. Kampuni niliyokuwa nimeongea nayo ilinipa bei ya mtu mmoja, gari lako, mwongozaji wako, nikapiga hesabu nikaona nikilipa hii narudi Dar kwa miguu. Usiku nachaji simu kwenye korido, soketi moja watu wanne, ndo nikakutana na dada wa Mombasa aliyeingilia Taveta na Holili, kijana wa Goma, na Mjerumani anayezunguka Afrika na begi kubwa kuliko yeye. Wote wanaitaka Mandara na wote bei ileile imewatisha. Tukaungana, gari na mwongozaji tukagawana kwa wanne. Kiingilio cha hifadhi hakigawanyiki, kila mtu na chake, sisi kwa shilingi na Mjerumani kwa dola, alivyoona tofauti alikaa kimya kama kafiwa. Beba kitambulisho chako cha NIDA, uso wa Kitanzania peke yake hautoshi, na usiende na keshi ukitegemea utalipa getini, mambo ni kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, au kadi.

Kampuni siisifii. Gari tuliambiwa saa moja asubuhi limekuja saa mbili na nusu, dereva anasema foleni, foleni gani hiyo Moshi sijaiona mpaka leo. Boksi la lanchi lilikuwa na yai, ndizi, keki, juisi na paja la kuku lililokauka mpaka likawa jepesi. Ila mwongozaji huyo nampa kumi kwa kumi, mzee mzaliwa wa hapohapo Marangu, haongei hovyo, anatembea taratibu utadhani anaenda shambani kwake. Alitusimamisha kwenye ua moja dogo jekundu lenye unjano, limejikunja mfano wa mkonga wa tembo, akasema hili wanangu halioti mlima mwingine. Akatuhadithia na habari za mzee Lauwo wa Marangu, ambaye wenyeji wanasema ndiye aliyewaongoza akina Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, tukageuka wote kumwangalia Mjerumani wetu, akasema mimi msiniangalie, mimi nimelipa.

Njia yenyewe ni msitu mtupu, kama kilomita nane kwenda, siyo ngumu, mtu anayepanda ngazi za ghorofa tano bila kusimama anaiweza. Unyevu ndo usipime, miti imeota ndevu za kijivu zinaning'inia, na mbega juu wamekaa na yale mashuka yao meupe wanakuangalia tu. Wale wagumu, yaani wapagazi, wanakupita na mizigo kichwani huku wanapiga stori, wewe una chupa ya maji tu na unahema.

Sasa viatu. Nilikodi duka moja mjini, nikaacha na hela ya dhamana, vinapendeza vimepigwa dawa vinang'aa. Karibu nusu ya njia kijana wa Goma, ambaye alishapanda volkano ya kwao ya Nyiragongo kabla haijalipuka ile 2021 kwa hiyo huku kwetu aliona matembezi ya jioni, akaniambia kwa upole kabisa, "Ndugu, kiatu yako inafungula kinywa." Natazama, soli ya kulia imeachana na ngozi mpaka kwenye unyayo, nikinyanyua mguu inapiga makofi, pla, pla. Dada wa Mombasa akauliza, "Hivi viatu ulivikodi ama uliviokota?" Mjerumani akatoa plasta yake ya vidonda, tukazungusha, tope likaichukua baada ya dakika kumi. Kilichosaidia ni mgumu mmoja aliyekuwa anashuka, kijana mdogo tu, akatua mzigo, akachomoa kipande cha kamba ya katani, akakizungusha chini ya soli mara tatu na juu ya kidole gumba akafunga fundo kwa meno. Nikampa elfu tano akakataa, akachukua keki.

Nikafika Mandara hivyohivyo. Mzee akatupeleka na kreta ya Maundi, robo saa mbele, usiikose, maana Mandara yenyewe ni vibanda na watu wanakunywa chai. Kilele cha Kibo hatukukiona, mawingu yalishafunga, lakini upande wa chini palifunguka kidogo dada akaonyesha tambarare ya Taveta, "kwetu kule," akapiga picha kama hamsini hivi ambazo mpaka leo hajatutumia.

Kushuka ni masaa mawili tu, magoti ndo yalilia.

Bei ukiwa kundi inalipa, ukiwa peke yako tafuta wenzako hosteli kwanza ndo uongee na kampuni. Viatu nenda na vyako hata raba, mradi umeshavizoea. Mimi vile nilivirudisha kesho yake asubuhi, mwenye duka akaigeuzageuza ile ya kulia, akaishika kamba, akaniuliza gidamu yake iko wapi. Gidamu ilikuwepo. Nusu ya dhamana kakata, na kamba nimemfungulia nimekuja nayo Dar.