KIA au Kisongo? Uzoefu wangu wa safari za mkutano Arusha

Kila chama chetu cha taaluma kinapotangaza kwamba mkutano mkuu utafanyika Arusha, simu yangu huanza kuita. Mimi ni mkutubi, naishi Dar es Salaam, na wenzangu wameshazoea kuwa tiketi za kikundi nazishughulikia mimi. Swali lao halibadiliki: tukate ya KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, au ya Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha? Wengi hufungua simu, huangalia bei, huchukua iliyo chini, basi. Viwanja vyote viwili nimevitumia, basi nimepanda, na msimamo wangu ni kwamba bei ya tiketi ije mwisho. Anza na saa utakayotua, kisha safari inayobaki kutoka uwanjani hadi mlango wa ukumbi. Hapo ndipo watu wanapochoka, na hapo ndipo hela iliyookolewa kwenye tiketi inapotoka tena.

Kwa mgeni, jambo la kwanza ni kwamba KIA haiko Arusha. Iko wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, uwandani kati ya Arusha na Moshi. Ulifunguliwa mwaka 1971 ukiwa uwanja wa kimataifa kamili, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, kwa hiyo ndege kubwa za masafa marefu zinatua bila wasiwasi. Kufika Arusha mjini ni kama kilomita 50, Moshi kama 40. Uwanja wa Arusha wenyewe ndio ule wa Kisongo, barabara ya kwenda Dodoma, na hadi katikati ya mji haufiki kilomita 10. Kwenye tiketi KIA huandikwa JRO na Kisongo huandikwa ARK. Soma herufi hizo tatu, kisha mtumie picha ya tiketi mtu anayekuja kukupokea. Nasisitiza hili kwa sababu hoteli moja iliwahi kumpeleka dereva Kisongo huku mgeni wetu, mama mstaafu mwenye shida ya magoti, akimsubiri KIA kwenye benchi la nje. Dereva hakuwa na kosa, aliambiwa "airport" akaenda iliyo karibu na hoteli. Mama yule alisubiri hadi jua likazama.

Sasa Kisongo, ambao naupenda kwa dhati. Ukitua asubuhi siku ya hewa safi, hakuna uwanja wenye raha kuliko huu kwa mtu wa mkutano. Unashuka kwenye ngazi za ndege, unatembea kwa miguu mpaka jengoni, mzigo unaletwa kwa mkokoteni, na kabla mwenzako wa KIA hajafika Usa River wewe umeshavaa beji shingoni. Teksi ni ya bei ya kawaida, bajaji zipo, na ukitoka barabarani daladala za kwenda mjini zinapita. Kwa kikundi cha watu wanne au watano, tofauti ya nauli ya gari kati ya Kisongo na KIA inaweza kulipa chakula cha jioni cha wote.

Ila Kisongo una masharti yake. Kwa miaka mingi umekuwa uwanja wa kazi za mchana, kwa hiyo ratiba zake huegemea asubuhi na alasiri. Ukikata ndege ya mwisho ya siku na ikachelewa kutoka Dar au Zanzibar, ujue mambo yanaweza kubadilika. Kisha kuna mawingu. Kuanzia Juni mpaka Agosti Arusha huamka na baridi na wingu zito linaloegemea Mlima Meru, na mara nyingine halifunguki hadi saa nne au saa tano asubuhi. Mwezi Julai niliwahi kuwa ndani ya ndege ya pangaboi iliyozunguka juu ya wingu hilo mara mbili tatu. Chini huoni kitu, ni weupe mtupu, na kilele cha Meru kimechomoza pembeni cheusi. Rubani akatutangazia kwa utulivu kwamba tunakwenda kutua KIA. Kampuni ilituletea Coaster, tukafika ukumbini hotuba ya ufunguzi imeshamalizika. Sina lawama na rubani yule, alifanya kilichomlazimu. Tangu hapo, mkutano ukiwa wa miezi ya baridi na mtu wetu ana mada ya kuwasilisha siku ya kwanza, namkatia tiketi ya siku moja kabla, awe kwa Kisongo au kwa KIA.

Mzigo nao una hukumu yake. Ndege ndogo zinazokwenda Kisongo, zile za injini moja, kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu na hutaka begi laini lisilo na magurudumu wala kuta ngumu, maana sehemu ya mizigo ni finyu. Sisi wakutubi tunasafiri na vitabu vya maonyesho. Kwenye kaunta moja kijana wa zamu aliweka boksi letu kwenye mizani, akaangalia namba, akatuangalia sisi, akaliteremsha bila kusema neno. Tukalifungua palepale sakafuni. Kila mjumbe akapewa vitabu viwili vitatu vya kubeba mkononi, wa kike wakavitia kwenye mikoba, mzee wetu wa kikundi akavaa koti na mifuko yote ikajaa vijitabu vya watoto. Tulisafiri, lakini tangu siku ile vitabu vinapanda basi. Unavipeleka ofisi ya kampuni ya basi siku mbili kabla, unalipia kama kifurushi, unapewa risiti, na mwenyeji wa Arusha anavichukua stendi kwa namba ya simu iliyoandikwa juu ya boksi. Ni nafuu kuliko kulipia uzito wa ziada, na havijawahi kutupotea.

Kwa anayeanzia Dar, angalia pia unaondokea jengo gani. Pale Uwanja wa Julius Nyerere, ndege ndogo nyingi huondokea Jengo la Kwanza, pangaboi kubwa na jeti za ndani Jengo la Pili, na Jengo la Tatu lililoanza kazi mwaka 2019 ni la safari za nje. Foleni ya Barabara ya Nyerere ikikushika, si wakati wa kugundua kwamba bodaboda amekushusha jengo lisilo lako.

KIA nauchagua kwa sababu tatu: natua usiku, nina mzigo mzito, au kikundi kina watu wanaounganisha kutoka nje ya nchi. Taa zipo, ndege ni kubwa zaidi, na tiketi nyingi za ndani za ndege hizo zimenipa kilo 23. Ukitokea Dar mchana omba kiti cha dirishani upande wa kulia. Siku ikiwa wazi Mlima Kilimanjaro utauona wote, theluji na Mawenzi, na kwa mjumbe ambaye hajawahi kuuona nadhani hilo peke yake linastahili kuangaliwa wakati wa kuchagua kiti.

Shida ya KIA ni barabara. Kilomita 50 kwenye ramani zinaonekana chache, lakini ukitoka pale njia panda unapita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, sehemu baada ya sehemu zenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hawachezi. Dereva mzuri hataki kukimbia, na usimlazimishe. Kuanzia Tengeru mpaka Sakina barabara ni ya njia nne, hapo unapumua. Mimi hupanga saa moja na nusu kutoka kushuka kwenye ndege hadi hotelini, na jioni za siku za kazi naongeza. Usiku usitoke kwenda kutafuta usafiri wa barabarani pale njia panda ukiwa na begi; kutoka uwanjani mpaka barabara kuu ni mbali kwa miguu na giza ni totoro. Panga gari mapema, mkubaliane bei kwa ujumbe wa simu, na mwambie saa ya kutua kwa saa zetu. Tiketi inasema 19:40, wewe andika saa moja na dakika arobaini usiku.

Wenzetu wa nje wana hesabu nyingine. Anayetoka Ulaya ana KLM ya Amsterdam inayotua KIA, na wa Addis Ababa wana Ethiopian. Wapo wanaotua Nairobi kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi, halafu wanapanda gari la abiria kupitia Namanga. Si njia mbaya. Ni kama kilomita 270, lami nzuri, na pale mpakani maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Lakini ni nusu siku barabarani baada ya usiku wa kutolala, na cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Kwa profesa mwenye miaka sitini na kitu namshauri aongeze hela atue KIA.

Mkutano ukiwa Moshi, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Ushirika au hospitali ya KCMC, usijadiliane na mtu: ni KIA. Unapita Boma Ng'ombe na umefika. Tatizo la Moshi ni vitanda. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi mbio za Kilimanjaro Marathon hujaza vyumba, na Desemba Wachaga wanarudi nyumbani. Ndege, basi, kila kitu kimejaa wiki kadhaa kabla.

Basi kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 600, kutwa nzima kutoka Stendi ya Magufuli. Kwa kijana anayejilipia mwenyewe, na mkutano una siku tatu au nne, naona ni chaguo la heshima kabisa. Kwa mkutano wa siku moja sishauri.

Mikutano yetu mingi huwa AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano cha Arusha, majengo yaliyokuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kabla haijavunjika mwaka 1977, na baadaye yakawa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Ukumbi wa Simba unachukua watu 1,350, na mkutano wa ukubwa huo mara nyingi una mgeni rasmi. Mgeni rasmi akija, barabara za karibu hufungwa kupisha msafara, na sherehe ya kufunga husogea mbele kwa saa mbili bila mtu kuomba radhi. Kwa hiyo tiketi ya kurudi siikati kamwe jioni ya siku ya kufunga. Nalala, naondoka kesho yake asubuhi. Na ikiwa kesho yake ni Jumatano au Jumamosi na unakwenda KIA, kumbuka ni siku za soko la Tengeru: mikungu ya ndizi inashushwa kando ya barabara na magari yanatambaa, hivyo mwambie dereva aje nusu saa mapema zaidi.