Antibodi ya c-Myc ya sungura: bendi nimeiona, jasho pia limenitoka

Nyota nne kwa hii antibodi, yaani protini ya kunasa protini nyingine moja maalum. Ya tano nimewanyima wauzaji makusudi. Sisi huitumia kwa western blot: protini za seli zinatenganishwa kwa ukubwa, halafu antibodi inaonyesha ile unatafuta kama mstari, ndio bendi.

Sisi hapa Kisumu tunafanya kazi ya limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya unaoshika watoto sana huku kando ya ziwa, kwa hivyo c-Myc kwetu ni kama mtu wa nyumbani. Ni protini ya kuwasha na kuzima jeni zingine, na kwa Burkitt mara nyingi jeni yake imehama kromosomu ya 8 ikaenda kukaa kando ya jeni ya kutengeneza antibodi kule kromosomu ya 14, ndio maana inawaka haizimiki. Mimi huwa nacheka, jeni ya antibodi ndio imeleta shida na bado ni antibodi tunanunua bei kali kuitafuta.

Kwanza tulikuwa na 9E10, ile antibodi ya c-Myc ya panya ya tangu 1985. Kwa protini umeibandika lebo ya Myc, yaani kipande kidogo tu cha Myc, iko sawa kabisa, lakini kwa Myc ya seli yenyewe ilitupea ukungu tu na bendi zisizo na mwenyewe. Ndio tukaagiza hii ya sungura, monokloni (antibodi zote za aina moja), mikrolita 100. Ikafika Nairobi vizuri, halafu kuja huku ikalala wikendi nzima kwa ofisi ya vifurushi, kufungua boksi napata pakiti za barafu ni maji, vuguvugu kama uji umesahaulika. Hapo ndipo nyota ilienda. Na kichupa kilikaa tupu! Nishaanza kupiga simu na hasira, kumbe yote imeshikana chini ya kifuniko, izungushe kwa sentrifuji kidogo kabla hujafungua. Alafu iko na gliserini, kwa frizi ya -20 haigandi, mwenzangu akadhani frizi imekufa akaita fundi.

Mara ya kwanza sikuona kitu nikailaumu bure. Nilivuna seli nikaziacha kwa meza nikaenda chai, na Myc yenyewe nusu yake huisha kwa kama dakika 20 hadi 30 hivi. Siku hizi nazimwagia bafa ya SDS, ile sabuni kali ya kupasua seli, hapo hapo nachemsha. Antibodi naichanganya moja kwa elfu, kwa maji ya albumini ya ng'ombe si ya maziwa ya unga, usiku kucha kwa friji. Raji, zile seli za Burkitt za maabara zilitoka kwa kijana wa Nigeria 1963, zikatoa bendi moja nyeusi safi karibu kilodaltoni 60 (kipimo cha ukubwa wa protini), na limfosaiti zimetulia za mtu hana ugonjwa karibu hakuna kitu, vile inafaa, na aktini, protini ya kuhakikisha kila sampuli imewekwa kiasi sawa, iko sawa mistari yote.

Kitu hawakuambii ni gharama ya sekondari, ile antibodi ya pili ya kushika ya kwanza ndio ionekane, yetu ilikuwa ya kushika antibodi za panya so tukanunua ingine ya kushika za sungura. Kwa slaidi za tishu sijajaribu, niliigawa kwa vijichupa vidogo, nimebakisha vitatu na navichunga kama mayai.